Kiingereza cha Bwana Thaddée

Kigoma, 9 Septemba 1964

Libérate, bibi yangu, uliye kwa mama yangu huko Makobola,

Nimefika. Nimelitanguliza neno hilo ili mama aache kusali kwa sauti; najua majirani wamechoka. Mashua ya Hatungimana ilivuja kutoka huko mpaka huku, na maji tuliyakomba kwa sufuria uliyonipa ya kupikia. Sufuria nayo imefika, lakini umbo lake limebaki ziwani.

Wale wenye bunduki waliokuwa wakiuliza Uvira nzima nani anajua kupiga mashini ya kuandika, wakija tena waambie nimekufa. Wasipoamini, waambie nimesahau.

Miaka tisa nimekuwa karani wa magazini ya kuhifadhia pamba, na Kifaransa changu kilivaa tai. Hapa mimi ni bubu mwenye shati safi. Barabarani Kiswahili kinatosha, ingawa nikisema "iko" wanaitana waje kusikiliza. Lakini kwenye biro ya serikali karatasi zote ni za Kiingereza. Sasa sikia neno kubwa la barua hii. Sisi tuliovuka tunaandikwa, kila familia karatasi yake. Aliyeandikwa atapewa kiwanja na ruhusa ya kufanya kazi. Asiyeandikwa atarudi alikotoka. Daftari linafungwa kabla ya Pasaka. Nafasi ya mke kwenye karatasi yangu iko wazi, kwa sababu mke haandikwi mpaka asimame pale mwenyewe. Basi ziwa likitulia, na Hatungimana akipata esansi ya injini, mje weye na mtoto wetu Inamahoro.

Nimeanza masomo ya Kiingereza. Tunakaa barazani kila alasiri, wanaume kumi na mmoja wenye mvi na ndevu, kama watoto wa komunyo ya kwanza. Tumeanza na this na that, la karibu na la mbali. Nitakutumia kila somo, maana karani wa biro atakuuliza na weye.

Bwana yako,
Thaddée


Makobola, 2 Oktoba 1964

Bwana yangu Thaddée,

Tuko wazima. Inamahoro iko muzima, mbuzi wazima, mama yako amepunguza sauti lakini amerefusha sala.

Barua yako nimeisoma mwenyewe. Unajua mimi kalasi yangu ilikuwa karatasi walizofungia chumvi dukani, kwa hiyo kila neno nalisoma mara mbili, na upande wa nyuma pia.

Nimelifikiri somo lako nikitwanga mihogo. Unasema Waingereza wana maneno mawili tu ya kuonyesha, la karibu na la mbali. Maskini. Sisi tuna huyu, huyo na yule, na kwetu Luberizi kwa Kirundi tunaongeza la nne. Sasa mtu ambaye hayupo hapa, wala hatumwoni kule mbali, ila tumetoka kumsema sasa hivi, wao wanamwitaje? Muulize mwalimu wako.

Na mwalimu huyo ana jina?

Ninakuja. Lakini Hatungimana anasema esansi yote imechukuliwa na watu ambao hawaombi.

Libérate


Kigoma, 25 Oktoba 1964

Bibi yangu,

Swali lako nililipeleka barazani. Mwalimu alicheka kwanza, kisha akajibu. Mwingereza hunyoosha kidole mara moja tu. Akiuliza What is this?, usijibu This is a pot. Jibu It is a pot, kwa sababu chungu kimeshaonekana, hakuna haja ya kukionyesha tena. Vikiwa vingi unaanza na those, halafu unaingia they. Na mtu ni vilevile. Unamleta kwa this, akishajulikana anakuwa he kama ni mwanaume, she kama ni mwanamke. Ile "huyo" yetu wameificha humo. Ukiendelea kumwita mtu this, that, this, wanadhani unamgombeza.

Yapo mengine ya ajabu. Ukigonga mlango wanauliza Who is it? Yaani mpaka mlango ufunguliwe, weye ni kitu. Na mtu akikuletea habari njema usiseme It is good. Sema That is good, maana habari yake yote umeinyanyua kama mzigo mmoja, ukaionyesha. Juzi mwalimu aliniambia mvua imenyesha Uvira, nikajibu It is good. Akaniuliza: "Nini? Chai?" Maana alikuwa ametoka kunipa chai. Yeye ana subira sana. Yeye anasema nikiendelea hivi nitapata kazi bandarini.

Hii ndiyo kazi yangu ya nyumbani. Nilipata tisa juu ya kumi:

This is my teacher. She is from Uvira. That is her house. It is clean.

Uisome na mtoto.

Thaddée


Makobola, 20 Novemba 1964

Bwana Thaddée,

Nimeisoma na mtoto. Mtoto hakuelewa.

Mwalimu wako ni she. Usihangaike kukana. Hatungimana alikuwa ameshaniambia kabla barua yako haijakauka maji. Nilimuuliza tu, "Mwalimu wa Thaddée ni mzee?" Akatazama ndagala zangu za ziwani zilizoanikwa, akasema, "Mama, hizi ndagala zimekauka vizuri." Mwanaume akisifu ndagala, nimeelewa.

Baadaye nilimpa sombe ya majani ya mihogo, akasema yote. Anasema mnakaa wanaume kumi na mmoja, mnatoa ulimi wote pamoja, this, that, na mwalimu anapita akitazama ulimi mmoja mmoja kama umekaa mahali pake. Thaddée, miaka sita ya ndoa miye sijautazama ulimi wako, ila siku ile ya malaria.

Mimi si mtu wa wivu. Nahesabu tu maneno. Mwezi wa tisa alikuwa hana hata jina la kazi: ni "masomo" tu. Mwezi wa kumi akawa "mwalimu". Na barua hiyohiyo haijafika mwisho akawa yeye: yeye ana subira, yeye anasema. Weye mwenyewe umenifundisha, mtu akiacha kunyooshewa kidole ni kwamba ameshaingia katika mazungumzo. Ameingia wapi tena? Na nyumba yake, ni nani aliyekuambia ni safi?

Huku: askari wa serikali wamerudi Uvira. Watu wa mtaa wetu wa Nyamianda wamekimbilia kwetu na magodoro kichwani. Wanasema nyumba yetu kuta zimesimama, bati ndilo limetembea. Barabara imefungwa upande wa Uvira, na upande wa Fizi wanapita wenye bunduki tu. Imebaki ziwa.

Libérate


Kigoma, 14 Desemba 1964

Bibi yangu mpenzi,

Watu wanakimbia na magodoro, na weye unahesabu maneno!

Jina lake ni Generose. Ni mjane wa mtu wa Uvira, amekulia huku kwa baba yake mdogo na kusomea huku. Ni mtu mzima, ana miaka arobaini. Nimeuona usafi wa nyumba kwa sababu baraza imeshikamana na nyumba. Hatungimana angechunga mashua yake inayovuja kuliko ndimi za watu.

Nakutumia kikwembe cha Noeli, rangi ya chungwa chenye samaki wa buluu. Nilikichagua mwenyewe. Ukivae, na mama akuone.

Miezi minne imebaki. Kila wiki karani ananiuliza, Where is she? Nami namjibu, She is coming. Anacheka. Jamani, njooni.

Wako,
Thaddée


Makobola, 8 Januari 1965

Thaddée,

Kikwembe kimefika. Ni kizuri. Samaki wa mwisho amekatwa kwa mkasi, kichwa hana.

Nimekipima kwa mkono: yadi tatu. Dukani piese nzima ya kikwembe ni yadi sita. Mama yako alikichukua, akakigeuza, akapitisha kidole pale palipokatwa. Hakunitazama. Akauliza: "Mwenzako anaitwa nani?"

Nikasema, "Mama, mwenzangu nani?"

Akasema, "Mwanangu, mimi nilivaa nusu miaka kumi na nne. Usinifundishe nusu."

Weye ni mtoto wa ng'ambo hii. Huwezi kusema hujui. Kwetu mwanaume anakata piese kwa sababu moja tu, kwamba ana bibi wawili. Anakata mbele yao wote, kila mmoja ashike upande wake, ili asitokee wa kusema mwingine amependwa zaidi. Baba yako alikata kila Noeli, na mama yako na mama mdogo wako walisimama wameshika ncha kama watu wanaokunja shuka. Angalau walisimama pamoja. Mimi ncha ya pili sijui imeshikwa na nani.

Usinitumie somo tena. Nijibu neno moja: nusu nyingine iko wapi?

Libérate


Kigoma, 30 Januari 1965

Kwa Libérate, Makobola,

Hunijui. Mimi ni Generose, ninayewafundisha Kiingereza watu wa kwetu waliovuka.

Jumapili iliyopita nikitoka misa, Hatungimana wa mashua alinitazama nguo, akatazama chini, akasema: "Mama, samaki hawa nimeshawabeba mimi, kwenda Makobola." Nilimwambia aniambie vizuri. Akaniambia vizuri. Ndiyo sababu naandika.

Wanafunzi wangu hunipa walichonacho, huyu mkaa, yule samaki. Thaddée hakuwa ameleta kitu tangu Septemba. Kabla ya Noeli alibaki nyuma wenzake walipoondoka, akatoa kifurushi cha gazeti, akaninyooshea. Akasema, It is for you. Nikamsahihisha, maana kazi ni kazi: kitu unachokitoa mkononi, ambacho mwenzako hajakiona, unaanza na this. Akarudia, This is for you. Nikafungua, nikaona yadi tatu na mahali pa mkasi.

Dada, mimi nimezaliwa Uvira. Nilijua nusu inasema nini. Nilimuuliza: "Ule upande mwingine una mwenyewe?" Akatazama viatu vyake. Akasema: "Nafasi ya mke kwenye karatasi yangu iko wazi." Hakusema uongo. Mimi ndiye ninayewasaidia kujaza karatasi hizo, nafasi nimeiona kwa macho yangu. Sikuandika kitu humo. Lakini siwezi kukuambia kwamba sikuwaza.

Nimekivaa Jumapili nne. Sioni aibu kwa kukivaa. Naona aibu kwa jinsi nilivyofurahi.

Sasa nakuuliza weye, maana yeye akiulizwa anajibu nusu: bado ni bwana wako? Ukisema ndiyo, sitakizuia kilicho chako. Ukisema hapana, usinichukie.

Generose


Makobola, 19 Februari 1965

Kwa Mama Generose,

Barua yako imenitoa machozi na imenitia hasira, yote mawili kabla ya kumaliza kupika.

Ni bwana yangu. Alitoa ng'ombe watatu Luberizi, na mmoja alikuwa kilema, nasi tukanyamaza. Tuna mtoto wa miaka minne anayeitwa Inamahoro. Sikuachwa, sikuacha.

Usidhani nimekuwa mtakatifu. Wivu wangu iko muzima, inakula vizuri. Siku tatu baada ya Noeli niliutupa upande wangu motoni, mama mukwe akautoa kwa mwiko, akasema nguo haina kosa. Nilikuwa nimekuwazia mwembamba, mwenye kucheka na kila mtu. Sasa umeniandikia kweli tupu, na sijui nikuchukie wapi.

Nina ombi moja. Halihusu nguo. Hatungimana atalisema kwa mdomo, kwa sababu barua mashuani inasomwa na kila anayekomba maji. Ukikubali, mpe jibu la ndiyo tu. Ukikataa, mpe chumvi, nitaelewa.

Libérate


Kigoma, 17 Machi 1965

Libérate,

Barua zangu mbili hazina jibu. Ya kwanza nilikueleza kila kitu: kwamba mwalimu alikuwa hajalipwa hata samaki mmoja, kwamba kitambaa kilikuwa kizima mikononi mwangu na mkasi wa muuza duka ulikuwa pale, kwamba sikufikiri. Narudia: sikufikiri. Mwanaume akiwa peke yake nchi ya watu, na mtu mmoja tu kwa siku nzima anamwambia "vizuri, Thaddée," anafanya ujinga. Sikuingia nyumbani kwake. Nililala na mawazo tu, na mawazo hayana mlango.

Sasa mambo yamenigeukia. Mwalimu amenihamishia benchi ya nyuma. Nikisema this pale pa it hanisahihishi, ananiacha nipotee. Na Hatungimana akifika siku hizi haji kwangu na salamu. Anapitiliza kwa mwalimu, wananong'ona, akinipita ananisalimu kama mgonjwa. Juzi nilimshika mkono: "Makobola hawajambo?" Akasema, "Bibi yako anapika sombe nzuri sana."

Anajuaje? Analala siku ngapi huko kila safari? Na kwa nini alijua kwamba Inamahoro ameota jino la nyuma? Mimi baba yake sijui.

Nilikwenda biro nikamwomba karani aandike jina lako. Nikasema, Write her name. Akasema, Who is she? Show me. Nikatazama nyuma yangu, hapakuwa na mtu. Waliokuwa kwenye mstari walicheka.

Wiki nne zimebaki. Nipigie kelele, nitukane, lakini uandike.

Thaddée


Kigoma, 7 Aprili 1965

Bwana Thaddée,

Barua hii haikuvuka maji. Imevuka soko tu, na anayekuletea ni jirani, usimhoji.

Tulifika Jumamosi. Mama yako amebaki na mbuzi. Anasema yeye kwa umri wake hatoi ulimi kwa serikali yoyote. Mimi na Inamahoro tuko wazima, na Hatungimana hana kosa lolote ila mdomo. Jino la mtoto alilijua kwa sababu mtoto alimng'ata.

Hatukuja kwako. Tuko kwa Generose.

Kaa kwanza, usikimbie kuja, sijamaliza. Unajua mwanamke aliyekosewa kwetu anafanya nini. Hagombani barabarani. Anachukua mtoto, anarudi kwa mama yake, anakaa kimya mpaka bwana aje na mzee kumwomba. Mama yangu wa Luberizi amekufa, wajua, ulibeba jeneza. Ng'ambo hii sina mtu. Basi hilo ndilo lilikuwa ombi langu, lililokuja kwa mdomo wa Hatungimana: kwamba nipate mama kwake Generose.

Jumamosi hiyohiyo, mbele ya wamama watatu wa Uvira wanaokaa mtaa huu, nilipiga magoti nikamwomba Generose awe mama yangu. Alicheka. Kisha akalia kidogo, akageuka ukutani. Kisha akasema: "Mtoto wangu, inuka." Wamama wakapiga vigelegele, pombe ya ndizi ikanywewa, na jambo likawa limekwisha. Inamahoro anamwita nyanya. Hilo hakulipenda sana, anasema arobaini si umri wa nyanya. Nikamwambia ni heshima.

Kwa hiyo tangu Jumamosi ni mama mukwe wako. Na hapa sihitaji kukufundisha, umelelewa vizuri. Mukwe hampi mama mukwe mkono. Hali mbele yake. Hakai benchi moja naye wala hapiti njia aliyosimama, anazunguka. Hamtazami usoni. Kutoa ulimi mbele ya mama mukwe, alasiri nzima, na wanaume kumi wakiangalia, sijasikia tangu nizaliwe. Kwa hiyo masomo yako yamekwisha. Yaliyobaki nitakufundisha mimi. Nasoma naye asubuhi, na anasema sina subira lakini nashika haraka.

Utauliza kama nimemsamehe. Tunalala chumba kimoja. Akigeuka kitandani nasikia, nami nafikiri: huyu naye alifurahi Jumapili nne. Basi naumia, kisha nalala. Yeye pia, nadhani, akinisikia mimi nikimsema mtoto kwa sauti yako. Hatuzungumzi hayo. Tunachambua mchele.

Jumapili hii, baada ya misa ya Matawi, uje na mzee Jean-Berchmans, yule katekista, usije na rafiki wa kukusaidia kucheka. Ulete pombe ya ndizi, chungu kizima. Mzee ataniuliza nilikosewa nini, nitasema, na weye utajibu kwa Kiswahili, maneno kamili. Nikiridhika, Jumatatu nitasimama pale biro na karani ataniona. Nisiporidhika, mama yangu Generose ana karatasi yake mwenyewe. Ameshauliza, mjane anaruhusiwa kuandikisha binti na mjukuu.

Mkifika mpitie nyuma, upande wa jikoni. Saa hiyo mama mukwe wako atakuwa barazani anakula.

Libérate, binti Generose